Siku ya Kazi Ina Kilomita Ngapi?

Kuna picha ya Julai 12, 1978 ambayo nimeiangalia mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote ya michezo. Ilipigwa Valence d'Agen, mji mdogo wa kusini magharibi mwa Ufaransa. Waliomo ni waendesha baiskeli wa Tour de France, mashindano makubwa kuliko yote ya baiskeli duniani, lakini hakuna anayeendesha. Wote wameshuka. Wanatembea kuelekea kwenye mstari wa kumaliza wakikokota baiskeli, kama wasee waliopata pancha siku moja. Mbele kabisa yuko Bernard Hinault, kijana wa miaka 23, ndani ya jezi ya bingwa wa Ufaransa, kidevu juu. Hiyo ndiyo Tour yake ya kwanza.

Watu waliokuwa wamejipanga kando ya barabara kuwangoja waliwazomea. Mji ulikuwa umetoa pesa ili hatua ya asubuhi hiyo iishie kwao, na meya hakuficha hasira yake. Waandalizi wakafuta matokeo, na mpaka leo ukitafuta mshindi wa hatua ile humpati.

Walikuwa wakigomea nini? Jibu fupi ni usingizi. Jibu refu linaanza miaka 75 kabla ya hapo, kwa sababu swali walilouliza Hinault na wenzake ni swali ambalo Tour ilizaliwa nalo na haijawahi kulimaliza: nani anaamua siku moja ya kazi iwe ndefu kiasi gani?

Kwanza neno lenyewe. Tour de France haikimbiwi mara moja. Imekatwa vipande, kila kipande kinatoka mji mmoja hadi mwingine, na saa za kila mtu zinajumlishwa. Aliyetumia muda mfupi zaidi kwa jumla ndiye bingwa. Watangazaji wetu hukiita kipande hicho mkondo au hatua. Mimi nitasema hatua, ingawa kichwani mwangu, mtu wa Nairobi, neno linalokuja ni steji: pale unapongojea mathree ukiomba nauli isipande kwa sababu ya mvua. Nao Wafaransa husema étape, na neno hilo zamani lilikuwa na maana ya ghala, mahali ambapo wanajeshi walio safarini walikuta chakula na malazi. Yaani neno lilihusu pale unapofika na kupumzika. Baadaye maana ikahama, likawa jina la umbali unaoumizwa nao kabla ya kufika.

Waliolikuza katika baiskeli walikuwa watu wa magazeti. Mwanzoni mwa karne iliyopita Paris ilikuwa na gazeti kubwa la michezo lililoitwa Le Vélo, lililochapishwa kwa karatasi ya kijani. Mhariri wake aligombana na matajiri wa viwanda vya magari waliokuwa wakimpa matangazo. Chanzo hakikuwa michezo hata kidogo, kilikuwa kesi ya Dreyfus, yule afisa Myahudi aliyesingiziwa usaliti na kuigawa Ufaransa nzima pande mbili. Matajiri wakaondoka na pesa zao, wakaanzisha gazeti lao mwaka 1900 kwa karatasi ya manjano. Likaja kuitwa L'Auto, chini ya Henri Desgrange, mwendesha baiskeli wa zamani aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya saa moja. Lakini halikuuza. Novemba 1902, wakati wa chakula cha mchana, mwandishi kijana wa gazeti hilo, Géo Lefèvre, akapendekeza mashindano ya kuzunguka Ufaransa nzima.

Kila ninaposoma habari hizi najikuta nacheka kidogo, maana mimi pia ninaishi kwa kuandika, na najua hali ya mhariri anayetafuta chochote kitakachofanya watu wasome. Hawa walipata. Mashindano ya siku moja yanakupa hadithi ya siku moja. Mashindano ya hatua yanakupa wiki tatu: nani anaongoza, nani kaanguka, nani atalipiza kesho. Ni tamthilia ya vipindi kabla ya televisheni. Na kwa kuwa msomaji hawezi kuwa kila mahali barabarani, lazima anunue gazeti ajue yaliyotokea gizani.

Nasema gizani kwa maana halisi. Tour ya kwanza, Julai 1903, ilikuwa na hatua sita tu kwa jumla ya kilomita 2,428. Hatua ya kwanza, Paris hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467. Linganisha: Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni kama 480. Wanaume 60 waliondoka kijiji cha Montgeron saa tisa na dakika 16 mchana, wakaendesha jioni, wakaendesha usiku kucha, kwa baiskeli nzito zisizo na gia za kubadilisha, barabara za vumbi na mawe. Maurice Garin, aliyezaliwa Italia na aliyewahi kufagia mabomba ya moshi kwa kazi, alifika Lyon asubuhi baada ya saa 17 na dakika 45. Lefèvre aliwafuata kwa treni na kwa baiskeli yake mwenyewe, akiruka kutoka kituo hadi kituo ili aone kama kuna anayeiba njia.

Baada ya kichapo kama hicho walipewa siku kadhaa za kupumzika kabla ya hatua iliyofuata. Mwishoni walibaki 21, na Garin alimzidi wa pili kwa karibu saa tatu. Siku hizi mtu akishinda kwa dakika saba tunasema kawaonea wenzake.

Jambo moja la mwaka huo hupenda kupitwa. Mpango wa kwanza ulikuwa mashindano ya wiki tano, na karibu hakuna aliyejiandikisha. Nani angeacha kazi wiki tano? Desgrange akalazimika kufupisha, kushusha ada, na kuahidi faranga 5 kwa siku kwa wa kwanza 50, kiasi kinachokaribia ujira wa kibarua wa kiwandani wakati huo. Hapo ndipo watu wakaja. Kwa hivyo hata kabla ya gurudumu la kwanza kuzunguka, urefu wa mashindano ulikuwa umeshajadiliwa, na wafanyakazi walikuwa wameshinda raundi moja kwa kukaa tu nyumbani.

Sheria zilikuwa legevu pia. Hippolyte Aucouturier, aliyetajwa sana kuwa angeshinda, aliumwa na tumbo akaacha hatua ya kwanza. Akarudi hatua ya pili, akashinda. Akashinda na ya tatu. Hakuweza tena kuwa bingwa wa jumla, lakini hatua ilikuwa kitu kinachojitegemea, chenye zawadi yake na jina lake gazetini. Hilo limebaki. Mtu anaweza kuendesha Tour kumi bila kukaribia jezi ya manjano, lakini akishinda hatua moja, maisha yake yote atatambulishwa nayo.

Gazeti la manjano liliuza. Le Vélo likafungwa mwaka uliofuata. Lakini usiku ukaleta shida zake. Tour ya 1904 ilikuwa vurugu: misumari barabarani, washiriki waliodaiwa kupanda treni, na mashabiki wa Alfred Faure, kijana wa maeneo ya Saint-Étienne, waliojificha mlimani usiku kuwavamia wapinzani wa mtu wao. Garin alishinda tena, kisha Desemba akanyang'anywa yeye na watatu waliomfuata, ushindi akapewa Henri Cornet, kijana wa miaka 19. Desgrange aliandika kwamba Tour imekufa. Haikufa, kwa sababu ilikuwa inaleta pesa.

Dawa ilikuwa kukata hatua. Mwaka 1905 zilikuwa 11, fupi zaidi, ili nyingi ziishe mchana. Angalia sababu lakini. Hazikufupishwa kwa ajili ya miguu ya mtu. Zilifupishwa kwa sababu usiku huwezi kuwasimamia wafanyakazi wako. Na kadiri usimamizi ulivyokua, kilomita zikaanza kurudi.

Mwaka 1910 wakaongeza Pyrenees. Aliyekuwa ametumwa kukagua njia, Alphonse Steinès, alikwama kwenye theluji juu ya Tourmalet, akashuka kwa miguu usiku nusura afe, kisha akatuma simu ya maandishi Paris kusema barabara inapitika vizuri kabisa. (Kila kampuni ina Steinès wake.) Hatua yenyewe ilikuwa Luchon hadi Bayonne, kilomita 326, juu ya milima minne mikubwa. Octave Lapize aliyeishinda alipanda sehemu kwa miguu, akisukuma baiskeli, na alipowapita maafisa wa mashindano huko Aubisque aliwarushia neno moja: wauaji. Kisha akaendelea kupanda. Mwezi huohuo akawa bingwa wa Tour. Mwaka 1917 ndege yake ilidunguliwa vitani.

Baada ya vita, mwaka 1919, ikaja jezi ya manjano, rangi ya karatasi ya gazeti, na hatua ndefu kuliko zote katika historia ya Tour: Les Sables-d'Olonne hadi Bayonne, kilomita 482. Barabara za kaskazini zilikuwa zimechimbwa na mabomu. Desgrange anahusishwa na wazo kwamba Tour kamili ni ile ambayo angemaliza mtu mmoja tu, na mwaka ule alikaribia kuipata, maana waliofika Paris wote wangetosha kwenye Probox moja ya kwetu.

Nataka kukaa kidogo kwenye mwaka 1924, kwa sababu huo ndio mwaka mfanyakazi alipopata mwandishi.

Tour ilikuwa na hatua 15 na kilomita 5,425. Gawanya mwenyewe: zaidi ya kilomita 360 kwa hatua. Waliondoka usiku wa manane kwenye baridi, wakifika jioni kwenye joto. Henri Pélissier, bingwa wa mwaka uliotangulia, alifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya: alivaa jezi mbili asubuhi, jua likitoka anatupa moja. Lakini sheria ilisema lazima umalize na kila kitu ulichoanza nacho. Ukipata pancha unajitengenezea mwenyewe, chuma kikivunjika unakitengeneza mwenyewe, na nguo ni zako mpaka mwisho. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa baiskeli mlimani, akatembea kilomita nyingi hadi kwa mhunzi, akauchomelea kwa mikono yake, na bado akaadhibiwa kwa sababu mtoto alimsaidia kuvuvia moto. Sasa afisa alikuja kumhesabia Pélissier jezi kwa kumshika kiunoni kama askari wa kanjo anayemkagua mchuuzi.

Hatua ya tatu, Cherbourg hadi Brest, kilomita 405, Henri, mdogo wake Francis na mwenzao Maurice Ville walisimama mji wa Coutances, wakaingia mkahawani wakaagiza chokoleti ya moto. Wameacha. Mwandishi Albert Londres wa Le Petit Parisien akawakuta hapo. Londres hakuwa mtu wa michezo. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda Guyana kuandika juu ya gereza la wafungwa wa kazi ngumu, na habari zake zilikuwa zimeitikisa Ufaransa. Mbele yake Pélissier wakamwaga mifuko mezani: kokeni ya macho, klorofomu ya ufizi, vidonge. Wakamweleza kucha za miguu zinavyong'oka. Kesho yake nchi nzima ilisoma.

Miaka baadaye Francis alisema walimchezea kidogo Londres, kwamba alikuwa mgeni wa baiskeli na ilikuwa rahisi kumtisha. Inawezekana. Wafanyakazi wakipata sikio la kwanza baada ya miaka mingi, kuna chumvi itakayoingia. Lakini kilomita 405 hazikuwa chumvi, wala sheria ya jezi. Na jibu la waandalizi? Mwaka 1926 Tour ilikuwa ndefu kuliko zote kabla na baada: kilomita 5,745 kwa hatua 17.

Kilichokuja kupunguza kilomita hatimaye ni hesabu. Mwaka 1930 Desgrange, akiwa amechoshwa na viwanda vya baiskeli vilivyopanga matokeo, alivifukuza na kuleta timu za kitaifa. Viwanda viliondoka na pesa zao, kwa hivyo ikabidi zipatikane kwingine: msafara wa magari ya matangazo mbele ya waendeshaji, na ada kutoka miji inayotaka Tour iishie kwao. Ukiuza mahali pa kufikia, kumi na saba hayatoshi. Unahitaji mengi. Kwa hivyo hatua zikawa fupi na nyingi, na mtu mmoja mwenye akili ya biashara akaona kwamba siku moja inaweza kubeba hatua mbili. Asubuhi mnafikia mji huu, wanalipa. Mchana mnaanza tena, jioni mnafikia mji ule, nao wanalipa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na siku zenye hatua tatu.

Jumla ya kilomita za siku huenda isiwe kubwa. Hapo ndipo mtego ulipo, na nilihitaji kufanya kazi ya aina hiyo ndipo niuelewe.

Nilipoacha chuo, mwaka wa pili, karo imekwama na mimi mwenyewe nimekwama, nilipeleka chakula kwa baiskeli kwa miezi kadhaa. Kilimani, Lavington, Hurlingham, na ile Valley Road ambayo ukiipanda saa saba mchana na pilau ya mtu mgongoni unaanza kufikiria dini. Apu haikukulazimisha kufanya kazi saa kumi na mbili. Ilikupa vipindi viwili: chakula cha mchana, na chakula cha jioni. Kwenye karatasi ni saa nane hivi, kazi ya kawaida ya ofisi. Lakini kati ya saa tisa mchana na saa kumi na mbili jioni hakuna oda. Huwezi kurudi nyumbani Kangemi na kushuka tena, utamaliza nguvu. Unakaa kwenye kibanda, unakula chapo madondo ya pesa uliyotoka kuipata, unachaji simu, unalinda baiskeli. Saa zile tatu si zako na hakuna anayezilipa. Unatoka asubuhi, unarudi usiku, na ukiuliza umefanya kazi saa ngapi, apu inakuonyesha nane.

Hiyo ndiyo hatua iliyogawanywa. Turudi 1978.

Siku moja kabla ya picha ile, waendeshaji walikuwa wamepanda Pyrenees na kumaliza juu ya mlima. Kushuka, kusafirishwa, kula, kukandwa misuli: wengi walilala usiku umeenda. Ratiba ya Julai 12 ilisema kilomita 158 asubuhi, Tarbes hadi Valence d'Agen, kisha kilomita 96 mchana hadi Toulouse. Ili waanze mapema hivyo ilibidi waamke kama saa kumi na moja alfajiri. Kisha wafike, wavue, wale, wangoje, wavae, wapashe miguu moto tena. Ukijumlisha ni kilomita 254, na huko nyuma watu walikuwa wameendesha karibu mara mbili ya hizo. Mwandalizi angeweza kukuonyesha karatasi: mbona mnalia?

Wakaendesha pamoja, polepole, kama kilomita 20 kwa saa. Walipokaribia mstari wakashuka. Alasiri waliendesha ile hatua ya pili kama kawaida. Hinault alishinda Tour hiyo, kisha akashinda nyingine nne.

Mara nyingi mgomo huu husimuliwa kama siku mfalme mpya alipojitawaza. Naelewa kwa nini, picha inataka hivyo. Ila mimi macho yangu hukimbilia nyuma ya Hinault, kwa wale ambao hawakuwa na jezi ya bingwa wala uhakika wa mkataba mwaka ujao, na ambao pia walishuka. Kwa Hinault kelele za Valence d'Agen zilikuwa sehemu ya kujenga jina. Kwa msaidizi wa mshahara mdogo, aliyekuja Tour kuchota maji ya wenzake, kushuka pale kulikuwa hatari tupu.

Hawakushinda siku hiyohiyo. Hatua za kugawanywa ziliendelea, zikipungua taratibu, ya mwisho ikiwa 1991. Leo Tour ina hatua 21 kwa siku 23, siku mbili za mapumziko, jumla inayozunguka kilomita 3,400. Ni hatua moja kwa siku.

Wanawake walikuwa na mgogoro wa upande wa pili. Walipopata Tour yao mwaka 1984, hatua 18 zilizoishindwa na Mmarekani Marianne Martin, walipita sehemu kubwa ya njia ileile ya wanaume, saa chache mbele yao, lakini kwa umbali uliofupishwa. Wanaume walikuwa wakipigania siku fupi. Wanawake waliambiwa na watu wasiowauliza kwamba miili yao haiwezi siku ndefu. Mashindano yao yakaishiwa pesa na kusimama mwisho wa muongo huo. Tour de France Femmes ilianza 2022 kwa hatua nane, na 2025 zilikuwa tisa. Tisa bado si 21, na sijasikia sababu iliyonishawishi.

Kwetu hapa hadithi ya hatua kawaida huanza na kuishia kwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985, akajifunza barabara na David Kinjah upande wa Kikuyu, kisha mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Ubishi kama ni wetu au si wetu nauacha kwa wenye muda. Kuna siku yake moja tu inayohusika hapa: Julai 14, 2016, mlima Ventoux. Upepo ulikuwa mkali, hatua ikafupishwa kwa kilomita sita, watu wote waliokuwa wapange kileleni wakasongamana chini. Pikipiki ikakwama kwenye umati, waendeshaji wakaigonga, baiskeli ya Froome ikavunjika. Na mtu mwenye jezi ya manjano akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima. Mkenya, walisema Twitter, hatimaye amekumbuka kwao. Waandalizi walimrekebishia muda. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini ni vigumu kutomkumbuka Christophe na mtoto wa kuvuvia moto.

Mwaka uliofuata, 2017, Suleiman Kangangi alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda. Kupanda jukwaa katika mashindano ya hatua kunataka uamke kila asubuhi na miguu ya jana na bado ufanye hesabu sawasawa. Alikuwa akiiongoza timu ya Waafrika Mashariki waliotaka kufika mbali alipofariki kwa ajali katika mashindano huko Vermont, Marekani, Agosti 2022.

Kisha Julai 1, 2024, hatua ya tatu, Piacenza hadi Turin, kilomita 230.8, ndefu kuliko zote mwaka huo. Biniam Girmay kutoka Asmara akawazidi wote mita za mwisho, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, miaka 121 baada ya Garin. Nilikuwa naangalia kwa simu, intaneti inakatika, na nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Alishinda nyingine mbili na kuchukua jezi ya kijani ya pointi.

Lakini ili jezi hiyo iwe yako lazima ufike mwisho, na mtu wa mbio za tambarare milimani ni mateso matupu. Kila hatua ina muda wa mwisho, unaopigwa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Ukiupita, kesho huanzi. Kwa hivyo wanaoteseka milimani hujikusanya nyuma, timu zote, maadui wa jana, wakaendesha pamoja kwa mwendo mmoja huku mzee mmoja akipiga hesabu ya dakika zilizobaki. Wafaransa huliita kundi hilo otobasi. Halimwachi mtu kwa urahisi, maana maafisa wanaweza kumfukuza mmoja aliyechelewa, ila kufukuza kundi ni mambo mengine. Mwaka 2011, hatua ya kwenda Galibier, watu 88 walifika pamoja nje ya muda. Hao walikuwa zaidi ya nusu ya mashindano. Wakakatwa pointi, na asubuhi wote 88 wakaanza tena.

Girmay alivuka Alps za 2024 huko nyuma, akiwa ameshaanguka mara moja na ana majeraha, kijani mwilini, katikati ya otobasi. Alifika Nice.